Seli moja haifiki hata volti 0.1, sasa kambare wa umeme anatoa wapi volti 350?

FundiSola

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni fundi umeme wa majumbani na sola, shule niliishia form four na baiolojia niliipenda sana ila miaka imepita. Sasa binti yangu yuko form three, anajisomea mambo ya utando wa seli akaniuliza baba, hapa wameandika seli ya neva ina minus milivolti 70, we si ndo fundi, hiyo volti inatoka wapi wakati humo ndani hamna betri? Nikamwambia ngoja nitafute nikujibu, maana swali la mtoto kama hilo huwezi kuliacha likapotea.

Nimesoma soma nikakutana na kambare wa umeme, yule wa mto Nile na Congo, na Ziwa Tanganyika pia yupo wa aina yake, wanasema anaweza kutoa mpaka volti 350. Hapo ndo nikakwama kabisa. Mi najua betri ya gari ya volti 12 ina vyumba sita na kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo, umeviunga siriezi vinajumlishana basi. Sasa nikipiga hesabu hiyohiyo kwa seli, 350 gawanya kwa 0.07 napata seli 5000 kwenye mstari mmoja. Sawa, seli 5000 sio nyingi kwa mwili wa samaki. Lakini kama ni hivo, mimi mwenyewe nina seli matrilioni zimeshikana toka kichwani mpaka kidole cha mguu, mbona nikigusa kichwa na mguu kwa multimita sioni kitu cha maana? Kwanini zangu hazijumlishani na za huyo samaki zinajumlishana?

Naombeni maelezo ya kueleweka, umeme mnielezee kama fundi, baiolojia mnielezee taratibu.

---

Mtoto wa Ujiji

Mkuu hiyo volti 350 mi siwezi kuipima lakini huyo samaki namjua vizuri. Huku kwetu mwambao wa ziwa anaingia kwenye nyavu mara mojamoja, mfupi mnene hana magamba, ngozi laini kama ya kambare wa kawaida na madoa meusi, mdomo mnene una ndevu. Ukimshika na mkono umelowa unasikia pigo moja kavu linapanda mpaka begani na mkono unabaki na ganzi, afu ukirudia kumshika anakupa tena, na tena, ila kila mara nguvu inapungua. Wazee hawamtoi kwenye nyavu kwa mkono, wanamkung'utia chini kwanza. Nafuatilia uzi huu maana hata mimi sijawahi kuelewa anaitoa wapi.

---

Mwl wa Sayansi

FundiSola swali lako ni zuri mno na huyo binti mpe hongera zangu, wanafunzi wengi wanakariri hiyo minus 70 na hawaulizi.

Tuanze na betri iko wapi. Betri yako ya gari inatoa volti kwa sababu kuna kemikali mbili tofauti zimetenganishwa na zinataka kukutana. Kwenye seli kilichotenganishwa ni chumvi. Nje ya seli kuna natiri (sodiamu) nyingi, kama milimoli 145 kwenye lita moja, ndani iko kama 12 tu. Potasiamu ni kinyume, ndani kama 140 na nje 4 hivi. Hizi sio natiri na potasiamu za kwenye chupa ya maabara, ni ioni, yaani kila moja imebeba chaji chanya. Katikati yao kuna utando wa seli ambao ni wa mafuta, na ioni haiwezi kupenya mafuta hata ifanyeje. Kwahiyo utando ni insuleta. Inayopita inapita kwenye vijia vya protini vilivyochomekwa kwenye utando, na kila kijia kina ioni yake kinayoiruhusu.

Sasa seli ikiwa imetulia, vijia vilivyo wazi zaidi ni vya potasiamu. Potasiamu iko nyingi ndani kwahiyo inavuja kwenda nje, na kila ioni inayotoka inaondoka na chaji chanya yake, ndani panabaki hasi. Ndani pakishakuwa hasi panaanza kuivuta potasiamu irudi. Inafika mahali nguvu ya kutoka na nguvu ya kuvutwa ndani zinalingana, hapo ndo volti inasimama. Ukipiga hesabu kwa potasiamu peke yake kwa viwango hivyo vya 140 na 4 na joto la mwili unapata kama minus milivolti 95. Lakini natiri nayo inavuja kuingia kidogo kidogo, inapunguza, ndo maana kwenye neva unakuta iko karibu na minus 70. Kwenye msuli iko kama minus 90.

Na nani anaitunza hiyo tofauti ya chumvi isiishe? Kuna pampu kwenye utando, protini moja inayotupa nje natiri 3 na kuingiza potasiamu 2 kila mzunguko, na kila mzunguko inakula molekuli moja ya ATP, yaani ile nishati inayotengenezwa na mitokondria, vile viwanda vidogo ndani ya seli, kutokana na chakula. Aliyeigundua ni Jens Skou wa Denmark, mwaka 1957, alikuwa anafanyia kazi neva za kaa, na Tuzo ya Nobel alipewa 1997, miaka 40 baadae. Kwahiyo mwambie binti chaja ya hiyo betri ni ugali aliokula mchana, na simaanishi utani, sehemu kubwa ya nishati ya ubongo inaenda kuendesha hizo pampu.

Halafu wewe kama fundi hiki utakipenda. Milivolti 70 unaiona ndogo, lakini utando wenyewe una unene wa kama nanomita 7. Gawanya volti 0.07 kwa unene huo unapata volti milioni 10 kwa mita. Hewa inaanza kupasuka na kurusha cheche kwenye kama volti milioni 3 kwa mita. Kila seli ya neva uliyonayo imekaa na mkazo wa umeme unaozidi ule unaopasua hewa, na utando wa mafuta unauhimili muda wote bila kutoboka.

Swali la seli zako kutojumlishana nitalirudia jioni, naingia darasani.

---

kijana_wa_IT

Mbona simpo tu, neva ni waya. Umeme unatoka kwenye ubongo unapita kwenye neva kwa spidi ya mwanga unafika kwenye msuli unakaza. Kambare ana waya nyingi zaidi basi.

---

Eng. Masafa

Hapana kijana_wa_IT, hapo tuelewane vizuri maana hiki kitu kinawachanganya wengi.

Kwenye waya wa shaba zinazotembea ni elektroni, na zinatembea kufuata urefu wa waya. Elektroni zenyewe ni za polepole ajabu, chukua waya wa milimita za mraba 2.5 ule wa soketi, upitishe ampia 10, elektroni zinasogea chini ya nusu milimita kwa sekunde. Kinachokimbia ni msukumo, ukiwasha swichi elektroni zote kwenye waya zinaanza kusukumwa karibu kwa wakati mmoja, ndo maana taa inawaka papo hapo.

Kwenye neva hamna elektroni zinazosafiri. Ioni za natiri zinaingia ndani kwa kukatiza utando, yaani zinaenda kwa upana wa neva na sio kwa urefu wake. Sehemu moja ya utando ikifungua vijia vya natiri, ndani ya sehemu hiyo panageuka kuwa chanya kwa kama milisekunde moja, na hiyo volti inaishtua sehemu ya jirani nayo ifungue vijia vyake, nayo inaishtua inayofuata, mpaka mwisho. Kila kipande kinatumia betri yake chenyewe. Ndo maana ishara haififii hata neva iwe na urefu wa mita nzima kutoka uti wa mgongo mpaka kwenye unyayo. Waya mwembamba wenye ukinzani mkubwa kama huo na insulesheni inayovuja hivyo usingefikisha kitu.

Na spidi ya neva zenye kasi kabisa kwa binadamu ni kama mita 100 kwa sekunde hivi, zile za maumivu ya taratibu ni kama mita 1 tu. Ndo maana ukijigonga kidole cha mguu unasikia pigo kwanza, maumivu yenyewe yanafika baadae.

---

FundiSola

Mwalimu na Eng. Masafa nashukuru sana. Hiyo ya volti milioni 10 kwa mita imebidi niipige hesabu mwenyewe kwenye karatasi nikahakikisha na ni kweli. Nimemsomea binti amefurahi sana.

Nina swali hapa kwa mwalimu kabla hujarudi. Utando ni insuleta katikati, pembeni huku na huku kuna maji ya chumvi yanayopitisha umeme. Kwangu mimi hiyo ni kapasita. Pleti mbili na insuleta katikati. Kama kapasita ya feni. Niko sawa?

---

Mwl wa Sayansi

Uko sawa kabisa, na sio mfano tu, inapimwa kama kapasita. Kila sentimita ya mraba ya utando ina kama maikrofaradi 1, kwa seli karibu zote. Na kwa sababu kapasita yenyewe ni ndogo kwa seli moja, ioni chache sana zikivuka zinatosha kugeuza volti, chumvi iliyobaki ndani na nje haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Watu wanadhani neva ikipiga natiri yote inaingia, hapana, ni chembe tu.

Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, mwaka 1952 walichora seli ya neva kama sakiti: kapasita moja, na sambamba nayo matawi ya natiri, potasiamu na uvujaji, kila tawi lina betri yake na rezista yake, ila rezista za natiri na potasiamu zinabadilika kufuatana na volti. Walifanyia majaribio neva kubwa ya ngisi, inafika unene wa kama milimita 1 kwahiyo unaweza kuchomeka waya wa kupimia ndani yake kwa urefu. Sakiti hiyo pamoja na milinganyo yake ilitabiri umbo na spidi ya ishara ya neva, na wakapewa Nobel 1963. Ukiiona hiyo sakiti wewe fundi utaisoma bila shida.

Sasa swali lako kubwa. Mbona seli zako hazijumlishani.

Chukua tochi ya betri tatu. Ukizipanga zote zinaangalia upande mmoja unapata 4.5. Sasa chukua betri mbili uzigeuze ziangaliane, chanya kwa chanya, unapata ngapi? Sifuri. Seli ya kawaida iko hivyo hivyo. Ndani ni hasi, nje pande zote ni chanya. Ukitoka nje kushoto ukaingia ndani unashuka milivolti 70, ukiendelea ukatoka upande wa kulia unapanda milivolti 70. Toka nje ya kushoto mpaka nje ya kulia ni sifuri. Panga seli trilioni, bado sifuri. Kila seli ina betri mbili zilizogeuziana, ndo maana multimita yako haioni.

Samaki wa umeme walichofanya ni kuvunja huo ulinganifu. Seli zao za umeme nyingi asili yake ni msuli uliobadilika, ukaacha kujikunja, ukabaki na kazi ya umeme tu. Mkunga wa umeme, yule samaki mrefu kama nyoka wa mto Amazon, ndo amechunguzwa zaidi. Seli yake ni bapa kama sarafu, upande mmoja una miisho ya neva na vijia vya natiri, upande wa pili hauna. Akiwa ametulia pande zote mbili ziko minus 85 hivi, jumla sifuri kama sisi. Neva ikipiga, ule upande wenye vijia unafunguka, natiri inaingia, volti ya upande huo inageuka mpaka plus 65 hivi. Upande wa pili bado uko minus 85. Sasa ukikatiza seli betri mbili hazigombani tena, zinaangalia upande mmoja, 65 na 85 unapata 150. Volti 0.15 kwa seli moja. Na zimepangwa kwenye safu ndefu zote zikiangalia upande mmoja, maelfu kwa maelfu.

Kwahiyo kwa kambare wako usigawe kwa 0.07. Gawa 350 kwa 0.15, unapata kama seli 2300 kwenye mstari, na kwa sababu kuna upotevu ndani ya mwili na kwenye maji lazima ziwe nyingi kuliko hapo. Mkunga wa Amazon ana kama 5000 mpaka 6000 kwenye safu moja, ndo maana yeye anafika volti 600, na kuna aina moja iliyotambuliwa 2019 ikapimwa volti 860, ikapewa jina la Volta, yule aliyetengeneza betri ya kwanza.

---

FundiSola

Mwalimu hapo umenimaliza. Yaani betri zilizogeuziana, mi hiki kitu nakutana nacho kila wiki kwa wateja wanaopachika betri kinyume. Nimeelewa sasa na nimemchorea binti kwenye daftari.

Ila lazima zipige zote kwa pamoja si ndio? Maana kwenye siriezi moja ikichelewa inakuwa ni ukinzani tu katikati ya njia.

---

Mwl wa Sayansi

Ndio, na ndo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote kwa huyu mnyama. Kwenye mkunga wa umeme pigo lenyewe ni la milisekunde 2 tu, na mwili wake unaweza kufika mita 2. Amri inatoka kwenye ubongo. Kama ingefika kwenye seli za karibu na kichwa kwanza, zingekuwa zimeshamaliza wakati za mkiani bado. Kwahiyo njia za neva zinazoenda karibu zimecheleweshwa kwa makusudi, na zinazoenda mbali zinakimbia zaidi, ili zote zifike sawa. Kambare wa umeme ametatua kwa namna yake, kiungo chake cha umeme kimemzunguka mwili mzima chini ya ngozi kama soksi, na upande wa kushoto wote unaamrishwa na seli moja kubwa ya neva iliyoko kwenye uti wa mgongo, wa kulia vilevile seli moja. Neva moja inagawanyika matawi mpaka inazifikia seli mamilioni. Seli mbili tu ndo zinashika swichi ya samaki mzima.

---

Bahari_Kuu Mombasa

Asalaam aleikum nyote. Mimi ni mtu wa pwani na nataka kuongeza la huku kwetu. Baharini tunaye samaki aitwaye taa anayepiga shoti, mviringo kama sahani, analala kwenye mchanga. Lakini nimesoma kwamba huyu taa volti zake ni ndogo, hamsini hivi, na mpigo wake bado ni mzito sana. Sasa huyu wa ziwani 350, yule wa Amazon 600, wa baharini 50, na wote ni samaki wa umeme. Mbona wa baharini akawa mnyonge wa volti?

---

FundiSola

Waalaikum salaam ndugu yangu. Hili acha nilijibu mimi maana hapa ni kwangu kabisa, mwalimu atanisahihisha.

Maji ya bahari yana chumvi nyingi, yanapitisha umeme vizuri mno, ukinzani wake ni mdogo sana. Maji ya ziwa au mto yana chumvi kidogo, ukinzani mkubwa. Sasa kanuni ya Omu ni ileile, ampia ni volti gawanya kwa ukinzani. Samaki wa mtoni maji yanamkatalia, inabidi awe na volti kubwa ndo asukume ampia hata moja kupita kwenye maji na kumfikia samaki mwingine. Wa baharini hana shida ya volti, maji yanapitisha tu, shida yake ni kwamba yatakunywa ampia nyingi mno, kwahiyo anahitaji chanzo chenye uwezo wa kutoa ampia nyingi bila volti kuanguka. Kwenye sola ni hivohivo, ukitaka volti unaunga betri siriezi, ukitaka ampia unaunga paraleli. Kwahiyo naamini ukimpasua huyo taa wa baharini utakuta safu fupi za seli lakini safu nyingi sana zimeungwa paraleli, na yule wa Amazon utakuta safu ndefu chache.

---

Mwl wa Sayansi

FundiSola huna cha kusahihishwa, ndivyo ilivyo kabisa. Taa ana nguzo mamia zilizosimama kutoka tumboni kwenda mgongoni, na kwa kuwa mwili wake ni bapa kila nguzo ni fupi, seli mamia tu. Mkunga safu zake zinalala kwa urefu wa mwili. Umepata jibu kwa kanuni ya Omu bila kumfungua samaki.

Na Bahari_Kuu, huyo taa ana heshima yake kwenye historia ya umeme. Miaka ya 1780 huko Bologna, Italia, Luigi Galvani aligusa neva ya mguu wa chura aliyekufa kwa metali mbili tofauti mguu ukaruka, akasema kuna umeme wa wanyama. Alessandro Volta akakataa, akasema umeme unatoka kwenye hizo metali mbili, mguu wa chura ni kipimio tu. Katika kubishana huko Volta mwaka 1800 akapanga visahani vya fedha na zinki, katikati kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, kimoja juu ya kingine, ndo betri ya kwanza duniani. Na alipoiandikia taarifa aliifananisha na kiungo cha taa wa umeme, akaiita kiungo cha umeme cha kutengenezwa. Wote wawili walikuwa na haki yao, metali zinatoa umeme na seli nazo zinatoa.

Hata zamani zaidi, daktari wa Kirumi Scribonius Largus, karne ya kwanza, alikuwa anamwambia mgonjwa wa jongo asimame juu ya taa hai ufukweni mpaka mguu ufe ganzi. Na Wamisri walimchora kambare wa umeme kwenye kaburi la afisa mmoja wa kale aitwaye Ti huko Saqqara, zaidi ya miaka 4000 iliyopita.

---

nesi_wa_zamu

Uzi mzuri sana, naomba niingie kidogo upande wa hospitali maana FundiSola wewe kila siku unashika waya na hapa kuna kitu cha kukuhusu.

Kwanini umeme wa nyumbani unaua? Kwa sababu moyo wako nao ni seli hizihizi mwalimu alizoelezea. Kila pigo la moyo linaanzia kwenye kikundi cha seli kinachojipigia chenyewe, ishara inasambaa kwa mpangilio, juu kwanza halafu chini. Ile mashine ya ECG inapima hiyo ishara juu ya ngozi na inakuta kama milivolti 1 tu, kwa sababu moyo hauko sifuri kwa sifuri pale sehemu moja imeshageuka volti na nyingine bado. Sasa umeme wa nje ukipita kifuani unaamrisha seli zipige hovyo bila mpangilio, moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu, na ubongo ndani ya dakika chache unaanza kufa.

Hesabu yenyewe: ngozi kavu ina ukinzani wa maelfu mengi ya omu. Ikilowa, ukinzani wa mwili unaweza kushuka mpaka kama omu 1000. Volti 230 gawanya 1000 ni milliampia 230. Kuanzia kama milliampia 10 mpaka 20 msuli wa mkono unajikaza na huwezi kuachia waya, kwenye 100 hivi ikipita kifuani moyo unaweza kupoteza mpangilio. Ndo maana RCD, vile vifaa vinavyokata umeme ukivuja, za kulinda watu zinawekwa zikate kwenye milliampia 30. FundiSola wateja wanaokwambia hiyo ni gharama ya bure tafadhali sana usikubaliane nao kirahisi, tunawapokea sisi.

Na mtu akinaswa, zima meni swichi kwanza. Usimvute kwa mkono. Kama huwezi kuifikia, simama sehemu kavu umsukume na kitu kikavu kisichopitisha umeme, mti au plastiki. Akishaachia na hapumui anza kukandamiza kifua katikati, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na mtu mwingine atafute usafiri, usisubiri.

Kambare wa kwenu ana volti 350 na mara nyingi mtu anapona kwa sababu pigo lake ni la milisekunde chache afu linakata, na nishati aliyonayo ni kidogo. Umeme wa nyumba haukati, unaendelea mara 50 kwa sekunde mpaka mtu azime. Ila wa ziwani asichezewe, mtu akipigwa akaanguka majini anaweza kuzama.

Kitu kingine cha chumvi. Mgonjwa wa figo akishindwa kutoa potasiamu inapanda kwenye damu, kutoka 4 ile ya mwalimu inaenda 6.5, 7. Tofauti ya ndani na nje inapungua, betri ya seli za moyo inashuka, na moyo unaweza kusimama. Ndo sababu tunawakataza baadhi ya wagonjwa wa figo kula ndizi nyingi, wao wanashangaa ndizi ina kosa gani.

---

binti_form3

Shikamooni wote, mimi ndo yule binti, baba amenipa simu niulize mwenyewe. Nimeelewa betri na nimeelewa zinavyogeuziana. Swali langu, mtu akiharisha sana anapoteza maji na chumvi, anapewa ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ya kunywa. Kwanini ndani ya ORS kuna sukari wakati kilichopotea ni chumvi na maji? Ni kwa ajili ya nguvu tu?

---

nesi_wa_zamu

Marahaba mwanangu, umeuliza swali ambalo hata baadhi ya wazazi wangelijua lingeokoa watoto wao.

Sio kwa ajili ya nguvu. Kwenye seli za utumbo mwembamba kuna protini inayopitisha natiri na glukosi kwa pamoja, vyote viwili vishikane ndo mlango ufunguke. Na inaendeshwa na betri ileile mwalimu aliyoieleza, natiri iko kidogo ndani ya seli na ndani ni hasi, kwahiyo natiri inavutwa kuingia, ikiingia inaingia na sukari. Maji yanafuata chumvi. Kipindupindu kinafanya utumbo umwage maji na chumvi kwa wingi lakini hiyo protini hakiizimi, ndo maana ORS inafanya kazi hata kuhara kukiendelea. Pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, usipunguze maji na usiongeze sukari kwa macho, vipimo vimewekwa ili hiyo protini ipate natiri na glukosi kwa uwiano sahihi. Sukari ikizidi inavuta maji kurudi kwenye utumbo na kuhara kunazidi.

---

Eng. Masafa

binti_form3 ukitaka kuendelea mbele soma mitokondria. Utando wake wa ndani nao una volti, kama milivolti 150 mpaka 180, mkubwa kuliko wa neva, ila pale zinazosukumwa ni protoni, yaani ioni za haidrojeni. Zikirudi ndani zinapitia kwenye protini inayozunguka kweli kweli kama mota na ndo inatengeneza ATP. Peter Mitchell alisema 1961 kwamba ATP inatengenezwa kwa msukumo wa protoni hizo, watu wakambishia miaka mingi, Nobel akapata 1978. Kwahiyo ATP inayoendesha pampu ya natiri nayo imetengenezwa kwa volti.

---

Mtoto wa Ujiji

Nimefuatilia toka mwanzo nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Na nimeelewa kwanini pigo la pili na la tatu ni dhaifu, seli zinakuwa hazijarudi kwenye minus 85 yake si ndio mwalimu? Sasa swali langu la mwisho la kivuvi. Samaki akishakufa kwenye mtumbwi bado anaweza kupiga? Maana kuna jamaa anasema alipigwa na aliyekufa.

---

Mwl wa Sayansi

Kuchoka kwa sehemu kubwa ni neva na seli zinahitaji muda wa kujipanga upya, na pampu zinahitaji ATP, kwahiyo uko kwenye njia sahihi.

Kuhusu aliyekufa, mwamini huyo jamaa. Samaki akiacha kupumua seli zake hazifi dakika hiyohiyo. Chumvi bado imetenganishwa, utando bado una volti, na ukimbonyeza au kumkata neva inaweza kushtuka na kuamrisha pigo. Pampu zikishakosa ATP natiri na potasiamu zinachanganyika polepole na betri inakwisha, lakini hilo linachukua muda. Mwacheni alale kwanza chini ya mtumbwi, na atakayemgusa aguse na kasia kavu.

---

Mtoto wa Ujiji

Sawa mwalimu, nawafikishia jioni hii kabla hawajaingia ziwani. Kasia kavu ndo kazi, maana huku kila kitu kimelowa, ila tutabeba fimbo moja tuiweke juu.